Mwongozo Kamili: Kubaini Spishi Zilizofichika za Kaa wa Maji Baridi wa Amerika ya Kitropiki, Kuanzia Kijitoni hadi Kwenye Mti wa Nasaba

Kaa wa maji baridi wa Amerika ya kitropiki huwashinda wanafunzi wengi kwa sababu moja: kwa sura wanafanana mno, ilhali kwa nasaba wametengana mno. Miti ya nasaba ninayotumiwa na wasomaji ili niisahihishe huharibika karibu kila mara mahali pale pale, na mahali hapo si kwenye kompyuta. Kosa huwa limefanyika miezi kadhaa kabla, pale mguu wa kaa ulipotiwa kwenye chupa isiyo na namba, au dume ambaye hajakomaa alipopewa jina la spishi kwa kubahatisha. Mwongozo huu unafuata kazi yote kwa mpangilio, na unakaa zaidi katika hatua ambazo watu hukwama.

Familia zinazohusika ni mbili. Pseudothelphusidae huishi hasa kwenye vijito vya milimani, kutoka Meksiko hadi Andes na Amazonia, na pia katika visiwa vya Antili. Trichodactylidae ni wakazi wa mito ya nyanda za chini, kutoka kusini mwa Meksiko hadi Ajentina.

Msomaji aliyeko Dodoma au Nairobi, ambaye hana namna ya kufika Brazili, anaweza kufanya hatua ya 6 hadi ya 8 kwa mifuatano ya DNA iliyo wazi kwenye GenBank, hazina ya mtandaoni ya mifuatano ya vinasaba. Hata hivyo asome hatua za mwanzo pia, kwa sababu ndizo zitakazomwezesha kujua ni mifuatano ipi ya kuaminiwa.

Mahitaji

Kwa kazi ya kijitoni:
- Kibali cha kukusanya, kikiwa mkononi kwa maandishi.
- Tochi ya kichwani, buti, glavu nene na wavu wa mkono.
- Mitego midogo na chambo cha samaki au nyama.
- GPS, kamera na rula ndogo ya kuweka kando ya kaa anapopigwa picha.
- Ethanoli ya asilimia 95 au 96, na nyingine ya asilimia 70 hadi 80.
- Mirija ya mililita 2, chupa za mdomo mpana, karatasi ngumu na penseli.

Kwa kazi ya maabara: darubini ya kupasulia, koleo nyembamba, vifaa vya kutoa DNA, mashine ya PCR (ya kunakili DNA mara nyingi), jeli ya agarosi, praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili) za jeni za COI na 16S za mitokondria, na praima za angalau jeni moja ya kiini cha seli, kwa mfano histoni H3. Kwa kazi ya mezani: kompyuta ya kawaida na programu za bure za MAFFT, IQ-TREE na MrBayes.

Onyo kuhusu ethanoli: spiriti ya rangi inayouzwa madukani imechanganywa na vitu vingine, na haifai kuhifadhi tishu ya kutolea DNA. Fomalini ni mbaya zaidi, kwani hukatakata DNA na kuifungamanisha na protini.

Hatua ya 1: Chagua maeneo kwa ramani ya mabonde ya mito

Anza na ramani ya mabonde, kisha ndipo utazame orodha ya majina. Kaa hawa hawana hatua ya lava inayoelea majini. Yai huangua kaa mdogo aliyekamilika, na mama humbeba chini ya tumbo lake kwa muda kabla ya kumwachia. Kwa hiyo vijito viwili vinavyotenganishwa na mgongo wa mlima vinaweza kuwa na koo ambazo hazijachanganya damu kwa muda mrefu sana, hata kama kwa miguu ni mwendo wa saa tatu.

Mfano mzuri uko katika jimbo la Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazili, ambako nyanda za juu zenye misitu yenye unyevu zimezungukwa na nyika kame ya Caatinga. Mwaka 2016 ilielezwa kutoka Chapada do Araripe spishi ya Kingsleya attenboroughi, na mwaka 2020 ikaelezwa Fredius ibiapaba kutoka uwanda wa Ibiapaba. Anayezifahamu Usambara na Uluguru hahitaji maelezo marefu: ni visiwa vya msitu katikati ya ukame, na kila kisiwa kina viumbe wake.

Panga kutembelea mahali pa asili pa jina, yaani pale alipopatikana kaa wa kwanza aliyepewa jina la spishi unayoichunguza. Sababu ni kwamba ukigundua koo tatu chini ya jina moja, ni moja tu itakayobaki na jina hilo, na bila sampuli kutoka mahali pa asili hutajua ni ipi. Hatua hii hurukwa kuliko zote, na huwezi kuifidia kwa hesabu yoyote baadaye.

Chukua pia sampuli za katikati, kati ya eneo moja na jingine. Ukikusanya kwenye ncha mbili za mto mrefu tu, tofauti inayopanda polepole kwa umbali itaonekana kama ufa.

Dalili ya mafanikio: una ramani yenye maeneo yasiyopungua manne au matano, ambalo mojawapo ni mahali pa asili pa jina, na kila bonde kubwa lina sampuli.

Hatua ya 2: Pata vibali kabla ya tiketi

Nchini Brazili, kibali cha kukusanya huombwa kupitia mfumo wa SISBIO wa taasisi ya ICMBio, na matumizi ya vinasaba husajiliwa katika SisGen kwa mujibu wa Sheria namba 13.123 ya mwaka 2015. Mtafiti wa kigeni lazima ashirikiane na taasisi ya ndani ya nchi. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya vinasaba, imekuwa ikitumika tangu tarehe 12 Oktoba 2014, na majarida mengi hudai namba ya kibali kabla ya kupokea andiko. Sampuli zisizo na kibali hazitachapishika, hata ziwe nzuri kiasi gani.

Hatua ya 3: Kusanya usiku, na usikusanye kupita kiasi

Kaa wengi wa vijitoni hutoka usiku. Tembea ukielekea juu ya mkondo ili tope unalolitibua lisikuzibe macho, geuza mawe polepole, kisha yarudishe yalivyokuwa. Katika kila eneo lenga madume wawili au watatu waliokomaa na jike mmoja au wawili. Majike hawa hutaga mayai machache makubwa, si maelfu kama kaa wa baharini, kwa hiyo kijito kidogo hakivumilii pupa. Jike mwenye watoto tumboni mpige picha na umwachie.

Hakikisha unachokamata ni kaa wa kweli. Kusini mwa bara hilo, katika Chile, Ajentina, Urugwai na kusini mwa Brazili, kuna wanyama wa jenasi ya Aegla wanaofanana na kaa lakini ni wa kundi jingine kabisa. Hesabu miguu: kaa wa kweli ana jozi nne za miguu ya kutembelea zinazoonekana baada ya magando, ilhali Aegla huonyesha jozi tatu tu, na jozi ya mwisho ni ndogo na imejificha. Nimewahi kusahihisha mti ambao tawi lake refu ajabu lilisifiwa kama ukoo mpya wa kale, kumbe lilikuwa la Aegla.

Onyo la afya: kaa wa Pseudothelphusidae ni wenyeji wa kati wa Paragonimus, minyoo wa mapafu wanaomwambukiza binadamu anayekula kaa wabichi au wasioiva vizuri. Osha mikono na vyombo baada ya kupasua, na usionje mchuzi wa kaa usiojua umechemka kiasi gani.

Dalili ya mafanikio: kila kaa ana picha akiwa hai, kwa kuwa rangi hupotea ndani ya ethanoli, pamoja na majira ya GPS, mwinuko, tarehe na namba yake.

Hatua ya 4: Namba moja, mnyama mmoja, chupa mbili

Mpoze kaa kwenye barafu hadi asitikisike, kisha umtie katika ethanoli. Ukimtumbukiza akiwa mchangamfu atajikata miguu mwenyewe, nawe utabaki na chupa ya vipande usivyojua ni vya nani.

Kata mguu mmoja wa kutembelea wa upande wa kulia, upasue ganda lake ili ethanoli iingie, na uuweke kwenye mrija wenye ethanoli ya asilimia 95 au 96. Ganda lisipopasuliwa, nyama ya ndani huoza ikiwa imezungukwa na ethanoli safi. Badilisha ethanoli baada ya saa 24, kwa sababu maji ya mwilini huwa yameipunguza nguvu. Mwili uhifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 80, ambamo viungo hubaki laini vya kutosha kuchunguzwa.

Andika namba ile ile kwa penseli kwenye karatasi mbili, na uzitie ndani ya vyombo vyote viwili. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka, na maandishi ya nje ya chupa hufutika. Hapa ndipo kazi nyingi hufia: mfuatano wa DNA usioweza kuunganishwa na mwili wa mnyama ni sawa na sauti ya mtu usiyemwona, kwa kuwa waweza kusema ipo lakini huwezi kusema ni ya nani.

Hatua ya 5: Soma gonopodi kabla ya kusoma DNA

Ganda la mgongo la kaa hawa husema machache. Umbo lake hubadilika taratibu, na hujirudia katika koo zisizo na udugu wa karibu. Vilevile wakazi wa mapangoni hupoteza rangi na macho kila ukoo kwa wakati wake, kwa hiyo upofu wa Typhlopseudothelphusa wa Meksiko na Guatemala haumfanyi kuwa ndugu wa kila kaa kipofu wa Amerika Kusini.

Anza na familia. Vidole vya miguu ya kutembelea vya Pseudothelphusidae vina safu za miiba, na vya Trichodactylidae vina nywele. Jina lenyewe la Trichodactylus, lenye asili ya Kigiriki, lina maana ya kidole chenye nywele.

Kisha mgeuze dume chali, ufunue tumbo lililokunjwa, na utazame jozi ya kwanza ya viungo vilivyo chini yake. Hizo ndizo gonopodi, mirija migumu ya kupitishia mbegu. Kwa Pseudothelphusidae gonopodi huwa nene, na ncha yake ina tundu, vijiba vidogo, na ndewe zilizopanuka au kujikunja kwa namna maalumu kwa kila spishi. Kwa Trichodactylidae ni nyembamba zaidi na haina mapambo mengi, kwa hiyo tofauti ni ndogo na huhitaji ukuzaji mkubwa.

Fanya hivi:
1. Chomoa gonopodi ya kushoto kwa koleo, ukianzia kwenye shina lake. Kushoto ndiko kunakotumika katika michoro mingi iliyochapishwa, na ukichora ya kulia utalinganisha taswira na kivuli chake cha kioo.
2. Isafishe nywele na uchafu kwa brashi laini.
3. Ichore au uipige picha kutoka upande wa nyuma, wa mbele, wa nje na wa ndani, kisha ncha peke yake kutoka juu.
4. Chora pia mguu wa mdomo wa tatu, kwa kuwa urefu wa tawi lake la nje hutumika kutenganisha jenasi.
5. Rudia kwa dume wa pili na wa tatu wa eneo hilo hilo.

Hatua hiyo ya tano si urembo. Gonopodi ya dume ambaye hajakomaa huwa haijafunguka ndewe zake, na hata kwa waliokomaa kuna tofauti ndogo za mtu na mtu. Anayechora dume mmoja kwa kila kijito atapata spishi kwa idadi ya vijito. Baadhi ya majina tuliyo nayo leo yalitolewa kwa tofauti za namna hiyo, na yanangoja kuunganishwa. Mtafutaji wa spishi zilizofichika ajiandae, basi, kukuta pia majina yaliyozidi.

Dalili ya mafanikio: ukimpa mwenzako michoro yako bila majina, ataipanga katika mafungu yale yale uliyoyapanga wewe.

Hatua ya 6: Toa DNA, na uziogope nakala bandia

Tumia nyama ya mguuni, takribani miligramu 20. Ikaushe ethanoli, iloweke katika kimumunyisho chenye kimeng'enya cha proteinezi K kwa nyuzi joto 56 usiku kucha, kisha uisafishe DNA kwa njia uliyoizoea.

Kwa COI, praima za Folmer na wenzake za mwaka 1994, LCO1490 na HCO2198, hutoa kipande cha herufi 658 baada ya kuondoa praima zenyewe. Mpangilio wa kuanzia ni nyuzi 94 kwa dakika 3. Mizunguko 35 hadi 40 ya nyuzi 94 kwa sekunde 45, nyuzi 45 hadi 48 kwa sekunde 45, na nyuzi 72 kwa dakika 1. Halafu nyuzi 72 kwa dakika 7. Daima weka mrija mmoja usio na DNA. Ukionyesha mstari kwenye jeli, kuna uchafuzi, na matokeo yote ya siku hiyo yatupwe.

Sasa liko tatizo ambalo limewapotosha wengi. Vipande vya mitokondria huhamia ndani ya kiini cha seli na kubaki humo kama nakala bandia zinazobadilika ovyo. Praima hunasa nakala hizo kwa urahisi, na ukiziingiza kwenye mti zitachipua kama ukoo mpya unaopendeza. Dalili zake ni hizi:
- Vilele viwili mahali pamoja, tena mara nyingi, kwenye kromatogramu, yaani mchoro wa vilele unaotolewa na mashine ya kusoma DNA.
- Kodoni za kukomesha (herufi tatu zinazoamuru utengenezaji wa protini ukome) katikati ya jeni, unapotafsiri kwa msimbo wa mitokondria wa wasio na uti wa mgongo, ambao ni namba 5.
- Herufi zilizoongezeka au kupungua kwa idadi isiyogawanyika kwa tatu.
- COI inayosimulia habari tofauti kabisa na 16S ya mnyama yule yule.

Soma kila kipande pande zote mbili. Ikibidi, toa DNA upya kutoka kwenye tishu yenye mitokondria nyingi, au punguza DNA kwa maji kabla ya PCR. Usipahariri kwa mkono mahali pasipopendeza hadi pasomeke vizuri, kwa maana kufanya hivyo ni kuisafisha nakala bandia ionekane halali.

Anayetumia GenBank achague mifuatano yenye namba ya kielelezo cha makumbusho na jina la mahali, na aiache isiyo navyo, hata kama itampunguzia nusu ya data.

Dalili ya mafanikio: COI yote inatafsirika mwanzo hadi mwisho bila kodoni ya kukomesha, na H3 inasomeka kwa sampuli zile zile.

Hatua ya 7: Jenga mti kwa kundi la nje linalofaa

Panga mifuatano kwa MAFFT. COI haipaswi kuwa na mapengo, ila 16S itakuwa nayo, na sehemu ambazo hazipangiki kwa uhakika uziondoe.

Kosa la kawaida hapa ni kutumia Trichodactylidae kama ndugu wa karibu wa Pseudothelphusidae kwa sababu tu wote wanaishi kwenye mito ya Amerika. Ushahidi wa molekuli unaonyesha kuwa Trichodactylidae waliingia maji baridi kwa njia yao wenyewe, wakitokea karibu na kaa waogeleaji wa baharini. Kwa mti wa Pseudothelphusidae tumia makundi ya nje kadhaa, yaani kaa wasio wa familia hiyo wanaoonyesha shina la mti liko wapi, yakiwemo ya kaa wa maji baridi wa Dunia ya Kale, na hapa Potamonautes wa mito yetu ya Afrika Mashariki wanafaa sana. Kwa mti wa Trichodactylidae weka kaa waogeleaji.

Igawe COI kwa nafasi za kodoni, uiache IQ-TREE ichague modeli, kisha urudie kwa MrBayes. Tawi uliamini likiwa na tegemeo la asilimia 95 au zaidi kwa kipimo cha UFBoot, na 0.95 au zaidi kwa uwezekano wa Bayes. Katika MrBayes hakikisha wastani wa mkengeuko wa migawanyiko umeshuka chini ya 0.01.

Jenga mti wa mitokondria na wa kiini kando kando kabla ya kuunganisha data. Usifiche kutokubaliana kwao. H3 hubadilika polepole na mara nyingi haitenganishi spishi za karibu, lakini ikiunga mkono mgawanyiko ule ule, hoja yako imepata shahidi wa pili.

Hatua ya 8: Pima mipaka, na usiichukue programu kama hakimu

Programu ya ASAP hupima mapengo ya umbali wa vinasaba, na za PTP na GMYC husoma urefu wa matawi. Ziendeshe zote, halafu uziweke sambamba kwenye jedwali.

Kaa hawa ni mtihani mgumu kwa programu hizo. Mnyama asiyesafiri hujenga tofauti hata ndani ya spishi moja, kijito kwa kijito. Jeet Sukumaran na Lacey Knowles walionyesha mwaka 2017 kuwa mbinu za kutenga spishi kwa nadharia ya kukutana kwa nasaba (nasaba hufuatiliwa kurudi nyuma hadi zikutane kwa babu mmoja) hutambua migawanyiko ya jamii, si lazima spishi. Kwa hiyo programu ikikupa spishi 14 katika bonde moja, jibu hilo lichukue kama orodha ya madai yanayosubiri ushahidi. Usitumie pia kiwango kimoja cha asilimia ya umbali kwa familia nzima, kwa kuwa kasi na historia hutofautiana.

Kwa kila dai jibu maswali manne. Je, ukoo huo una tegemeo katika miti yote miwili? Je, gonopodi zake hutofautiana kwa madume wote waliokomaa? Je, kuna mahali ambapo koo hizo mbili hukaa kijito kimoja bila kuchanganyika? Je, pengo limebaki hata baada ya kuongeza sampuli za katikati? Swali la tatu likijibiwa ndiyo, lina uzito kuliko mengine yote. Trichodactylus fluviatilis wa mito ya pwani ya Atlantiki ya Brazili ni mfano wa kujifunzia: jina moja lililotumika tangu mwaka 1828 kwa kaa wa eneo kubwa, ambalo uchunguzi wa molekuli uliochapishwa mwaka 2017 uliliona kuwa mkusanyiko wa spishi.

Ukipata ndiyo moja tu, andika kuwa ni ukoo usio na jina na uishie hapo. Sioni aibu yoyote katika hilo, ingawa najua majarida hupenda majina mapya.

Hatua ya 9: Toa jina na uhifadhi ushahidi

Holotaipu, yaani mnyama mmoja anayebeba rasmi jina la spishi, iwe dume aliyekomaa, mwenye gonopodi nzima, ambaye DNA yake imesomwa. Iweke katika makumbusho ya nchi ilikotoka, kwa mfano INPA ya Manaus au Makumbusho ya Zoolojia ya Chuo Kikuu cha São Paulo kwa kaa wa Brazili. Gonopodi iliyochomolewa itiwe kwenye kichupa kidogo ndani ya chupa ile ile ya mnyama. Andiko likichapishwa mtandaoni pekee, lisajiliwe ZooBank, sajili rasmi ya majina ya wanyama, la sivyo jina halitambuliki kisheria.

Andika pia hali ya uhifadhi. Tathmini ya dunia iliyochapishwa mwaka 2009 ilipitia spishi 1,280 za kaa wa maji baridi, na 628 kati yake zilikosa taarifa za kutosha kuamuliwa chochote. Spishi moja iliyodhaniwa imeenea ikigawanyika kuwa tatu, kila moja inabaki na eneo dogo, na tathmini ya zamani haiihusu tena.

Dalili ya mafanikio: mtu usiyemjua, akiwa na makala yako tu, anaweza kuomba chupa kwa namba yake, akamfungua dume yule yule, akaiona gonopodi uliyoichora, na akaukuta mfuatano wake wa COI kwenye GenBank ukiwa na namba hiyo hiyo.